Asubuhi Niliyoacha Kuwasha Moto

Vijana wa ofisini waliniletea karatasi niisome na kusahihisha makosa. Ni historia ya shirika letu, wanataka kuibandika ukutani wageni waisome. Nilivaa miwani, nikaisoma mara mbili, na makosa ya herufi sikuyaona. Tatizo ni kwamba historia yenyewe haimo. Wameandika kwamba shirika lilianza siku lilipopewa cheti cha usajili, kwa lengo la kuinua kaya maskini katika mji wa Babati na vitongoji vyake. Cheti! Kama yuko mtu aliyewahi kushiba cheti, aje anionyeshe tumbo lake.

Siwalaumu sana. Cheti wanakiona kila siku, kimo ndani ya fremu juu ya kabati. Yaliyotangulia hawakuyaona kwa sababu walikuwa hawajazaliwa, na wengi wa walioyaona tumeshawazika. Nimebaki mimi na wengine wachache wenye mapengo. Kwa hiyo nimeandika haya ninavyoyakumbuka, bila majina ya watu, maana wengine wana wajukuu hapa mjini ambao hawatapenda kusoma kwamba bibi yao alilala njaa. Mimi sina wa kumficha. Katika habari hii mimi ndiye niliyekuwa mdanganyifu, tena mdanganyifu hodari.

Miaka ya themanini ilipoanza, Babati ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, na Nangara tulikokaa ilikuwa mashamba zaidi ya nyumba. Watu wa rika langu tukisema "wakati wa shida" hatuulizani shida gani. Sabuni haikuwepo, mafuta ya taa hayakuwepo, khanga mpya ilikuwa hadithi. Ulipanga foleni kwenye duka la kaya bila kujua kinachouzwa, na ukifika mbele ndipo unapojua kama ni sukari au nyembe. Mvua nayo ikachagua miaka hiyohiyo kutununia. Tulikula unga wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, tukausema vibaya jinsi unavyonuka, kisha tukaulizana umebaki wapi.

Kilichonihusu mimi kuliko vyote ni kiberiti. Viberiti viliadimika kiasi kwamba aliyekuwa nacho alikitunza kama dawa. Jioni ulifukia kaa la moto kwenye majivu, asubuhi ukalifukua na kulipuliza. Likizimika ulichukua kigae cha chungu kilichovunjika, ukaenda kwa jirani kuomba moto. Asubuhi njia zote za Nangara zilikuwa na wanawake na watoto waliobeba vigae vinavyofuka, na hakuna aliyeona haya, kwa sababu leo unaomba wewe, kesho anaomba yeye.

Hapo ndipo alipoanzia mwanamke ambaye nitamwita Bibi Mwinjilisti, kwa sababu mumewe alikuwa mwinjilisti wa usharika wetu na sisi watoto tulimwita hivyo. Alikuwa na mwili mkubwa, na sauti iliyoushinda mwili. Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, kila neno amelikanyaga sawasawa lisimtoroke. Kila asubuhi baada ya sala, yeye na wanawake wengine sita walisimama nyuma ya kanisa, mahali palipoinuka, ambapo uliweza kuiona Nangara yote mpaka kwenye matete ya ziwa. Walikuwa wakiangalia moshi. Nyumba iliyotoa moshi ilikuwa na moto, na pengine ilikuwa na uji. Nyumba isiyotoa moshi mpaka jua limetoka ilikuwa na jambo.

Hawakuwa na jina, mwenyekiti wala daftari. Kila mmoja wao, kabla ya kutia unga kwenye maji yanayochemka, alitoa konzi moja, kiasi cha kujaza kiganja, akalitia kwenye kibuyu kilichotundikwa ukutani. Hilo liliitwa konzi la jirani, na ulilitoa hata kama unga wako mwenyewe hautoshi. Nyumba isiyo na moshi ikishaonekana, mmoja alikwenda huko akiwa na kigae cha moto mkononi na unga ndani ya khanga. Njiani kila mtu aliona moto tu. "Nimekuletea moto, nimeona umekuzimikia," alisema akifika mlangoni, na unga ukabaki jikoni bila kutajwa. Nimekaa kwenye semina nyingi tangu wakati huo, nyingine zenye soda na biskuti, na sijasikia njia ya kumsaidia mtu inayoishinda hiyo. Najivunia kwamba ilibuniwa Nangara, na wanawake ambao wengi wao hawakumaliza darasa la nne.

Njia yao ilikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo lilikuwa nyumbani kwetu.

Baba alikuwa na kiduka karibu na soko. Msako wa walanguzi ulipofika Babati, askari walikuta katoni za sabuni chini ya magunia yake ya mahindi. Alizificha, sikatai. Nusu ya mji ilikuwa imeficha kitu, na nusu nyingine haikuwa na cha kuficha. Akapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake, wakapelekwa Arusha, na hatukujua atarudi lini. Tulibaki watu watatu: mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili.

Mama alizaliwa milima ya Mbulu. Huko kwao, zamani, nyumba iliyopatwa na jambo zito ilikaa pembeni kwa muda. Haikuchota maji pamoja na wengine, haikutoa moto wala haikupokea moto, mpaka siku zake ziishe, ili mkosi usihamie kwa majirani. Mama alikuwa Mkristo, amebatizwa na amepata kipaimara, na mambo hayo alituambia ni ya wazee. Lakini lori lilipoondoka na baba, alirudi ndani akafunga mlango, na kuanzia siku hiyo tukawa nyumba ya pembeni. Hakuna aliyetutenga kwa maneno. Mama alitutenga mwenyewe, na majirani, kusema kweli, wakaona nafuu. Nani alitaka kuonekana akicheka na mke wa mlanguzi wakati msako haujaisha?

Alikataa kwenda duka la kaya, kwa sababu kwenye foleni watu wangemtazama. Alikwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya Sigino, ambako hawakumjua, akalipwa mahindi kwa bakuli. Tulikula mara moja kwa siku, jioni, ugali kidogo na mnafu. Asubuhi hapakuwa na kitu. Na nyumba isiyo na kitu asubuhi haiwashi moto, na nyumba isiyowasha moto ingeletewa kigae na wale wanawake saba, nasi hatukupokea moto wa mtu. Dawa aliyoipata mama ilikuwa rahisi.

"Moshi utoke kabla ya kengele ya kanisa," aliniagiza. "Mwingi."

Kazi hiyo niliijua vizuri kuliko hesabu za shuleni. Kuni kavu hazifai, zinawaka bila moshi. Magunzi yaliyolala nje yakalowa umande yanatoa moshi mzito mweupe. Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka nusu kinatoa moshi unaokaa juu ya paa bila haraka. Nikawa nachanganya, kidogo cha hiki, kidogo cha kile, hata ukiwa nyuma ya kanisa ungedhani kwetu wanapika kwa ajili ya harusi. Kisha nilichukua madaftari yangu nikaenda shule na tumbo likiniimbia njia nzima.

Siku moja nilikutana na Bibi Mwinjilisti njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu mmekunywa uji?"

"Tumekunywa, bibi."

"Ndiyo, moshi nimeuona. Mama yako ni mwanamke wa kazi. Mwambie nimemsalimu."

Aliondoka ameridhika, nami niliondoka nimeridhika zaidi. Nilijiona nina akili kuliko wanawake saba na kanisa lao. Salamu zake sikuzifikisha.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameanza kubadilika. Mwanzoni tulisema amenenepa, kwa sababu mashavu na miguu vilijaa. Nywele zikawa nyekundu na laini. Kliniki mama alikuwa ameacha kumpeleka, maana kliniki nako kuna foleni, na foleni ina macho. Alikuwa mtoto mkorofi, mnyang'anyi, aliyenivuta nywele nikiinama kufagia. Sasa ukimweka mahali unamkuta palepale. Jioni moja alikuwa amekaa karibu na mafiga ameshika gunzi. Nilimnyang'anya makusudi, nikitaka alie anigombanishe na mama kama zamani. Alinitazama tu. Mkono wake ulibaki wazi vilevile, kama bado ameshika kitu.

Niliogopa. Sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua kwamba mtoto asiyelilia kitu chake yuko njiani kuondoka. Nilitaka kumwambia mama, nikashindwa, kwa sababu mama alikuwa na macho na alikuwa anayaona yale ninayoyaona mimi. Kwenda kumwita mtu sikuthubutu pia, mama alikuwa ameniapisha kwamba sitasema ya ndani kwetu. Lakini hakuna aliyeniapisha kwamba sitachoka. Jioni ile, tulipomaliza kula, nililipita kaa la moto bila kulifukia kwenye majivu. Nikajilaza kwenye ngozi ya kulalia nikajifanya nimelala.

Asubuhi mafiga yalikuwa ya baridi. Kengele ya kanisa ikalia, nami nikabana macho. Nilingoja mama anivute sikio. Kwa kawaida saa hiyo alikuwa ameshajifunga khanga kuelekea Sigino, lakini siku hiyo alikuwa bado kitandani, amenipa mgongo, mtoto amemkumbatia. Nikajua vibarua vimemchosha. Jua likapenya kwenye nyufa za mlango. Ndipo nikasikia ile sauti kubwa nje, ikiita hodi na kumwita mama kwa jina langu mimi, kama watu wanavyowaita akina mama wenye watoto.

Mama akaruka. "Wewe! Umelala mpaka sasa? Moto uko wapi?" Alinifokea hata nje wakasikia, kisha akaenda mlangoni akasimama katikati yake, mkono huku na mkono huku.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi Mwinjilisti. "Usiingie. Nyumba yangu ina mkosi."

"Marahaba. Mkosi gani?"

"Si unajua, mama. Baba yao."

"Baba yao yuko Arusha. Hapa namwona wewe." Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili, na mbele yake kigae cha moto. "Mwanangu, mimi na wewe tumetoka mlima mmoja. Mambo ya kukaa pembeni nayajua kabla hujazaliwa. Nyumba ilikaa pembeni, ndiyo. Lakini wazee waliiwekea siku, na siku zikiisha walikuja wenyewe kuitoa. Wewe siku zako nani alizihesabu?"

Mama alizidi kubana miimo ya mlango.

"Hakuna aliyezihesabu," akasema Bibi Mwinjilisti. "Basi nimekuja kuzimaliza. Nipishe, moto unaniunguza."

Hakumsukuma. Alisubiri tu pale na kigae chake, na mwili ule ukikusubiri mlangoni huna pa kwenda. Mama akashusha mkono mmoja, kisha wa pili. Wanawake wakaingia. Mmoja akapiga magoti kuwasha moto, mwingine akaenda kuchota maji. Bibi Mwinjilisti alimchukua mdogo wangu akampakata. Alibonyeza kidole gumba juu ya mguu wake, akakiondoa, na shimo la kidole likabaki palepale. Akabonyeza mguu wa pili. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, "Moshi wa jana ulikuwa wa nini?"

"Wa magunzi," nikasema mimi.

"Na wa juzi?"

"Wa magunzi na kinyesi cha ng'ombe."

Nilidhani atanipiga. Badala yake machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga kwa hasira, kama mtu anayefuta doa. "Mimi mjinga," alisema. "Mimi mzee mjinga. Nimesimama nyuma ya kanisa namshukuru Mungu kwa ajili ya magunzi."

Uji ulipoiva na mtoto amelamba vijiko vichache, aliinuka akachukua kigae chake kitupu, akakinyoosha kwa mama. "Sasa nipe moto."

"Moto si umetoka kwako, mama?"

"Umelala kwenye mafiga yako, umepika uji wa mwanao. Ni wako. Nipe."

Mama aliona anachokitaka. Akainama, akachagua kaa moja jekundu kwa vijiti viwili, akaliweka kwenye kigae. Bibi Mwinjilisti akatoka nalo, njia ya katikati, watu wakimwona. Hakwenda kwake. Alikwenda nyumba ya jirani yetu wa karibu kabisa, mwanamke ambaye tangu lori liondoke alikuwa akigeuza shingo akituona. Mimi nilimfuata nyuma.

"Nimekuletea moto kutoka kwa mwenzako," alimwambia.

Jirani akatazama kigae, akatazama mlango wetu. "Ahsante, mama, lakini moto ninao."

"Ongeza."

Akapokea. Afanyeje? Akaliingiza kaa letu chini ya sufuria yake, na dunia haikuanguka. Mpaka leo nikiulizwa shirika hili lilizaliwa lini, nasema ni asubuhi ile, kwenye mafiga ya yule jirani, ambaye baadaye alilitumikia miaka mingi bila kukosa hata kikao kimoja, labda kwa ajili ya shingo yake.

Siku hiyohiyo mdogo wangu alipelekwa hospitali ya misheni. Walimbeba kwa zamu mgongoni mpaka barabarani, lori la mahindi likawachukua. Alikaa huko muda mrefu, mama yuko naye, na mimi nililala kwa Bibi Mwinjilisti, ambako nilikula asubuhi na jioni na nilifokewa mchana kutwa. Kila wiki mmoja wa wale saba alikwenda hospitali na chakula cha mama, na kila aliporudi nilimtazama usoni kabla hajafungua mdomo. Mara ya tatu, aliyekwenda alirudi akilalamika kwamba yule mtoto wenu hana adabu, amemvuta hereni mpaka sikio limetoka damu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata Bibi Mwinjilisti aliomba nafasi baada ya ibada. Angeweza kusema wanawake wameokoa mtoto, na watu wangempigia makofi. Badala yake alisema kwamba nyumba ile aliihesabu kuwa imeshiba kwa miezi, na kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayesimama tena nyuma ya kanisa. "Moshi unatoka juu," alisema, "njaa inakaa chini." Nimewaona viongozi wengi, wenye suti na wasio na suti. Wanaosimama mbele ya watu na kusema nilikosea, tena bila kubanwa, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na yeye ndiye wa kwanza.

Njia mpya waliitafuta kwa pamoja, na mama alikuwemo. Aliporudi na mtoto alipewa kibuyu chake cha konzi, akaambiwa akae na wenzake. Yeye ndiye aliyewafundisha, kwa sababu alizijua hila zote za mtu anayeficha njaa. Aliwaambia watazame kuku, kuku hawasogei kwenye mlango ambao hakuna kinachodondoka. Watazame jalala kama lina majivu tu. Wasiulize umekula, maana kila mtu amekula. Waingie waazime kitu. "Mtu akiazima kitu chako," alisema, "unajiona bado unacho." Wakakubaliana kuazima ungo. Nyumba gani ya kwetu haina ungo? Ukienda kuazima unaingia mpaka jikoni, unakaa, unayaona uliyotumwa kuyaona. Na kila mtu anajua chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ungo ulirudi na unga, au maharage, au dagaa kidogo, na aliyepewa hakuwa amepewa, alikuwa amerudishiwa chake.

Na mimi nikatiwa kazini, miaka kumi na miwili. Mmoja wa wale sita alipinga, akasema mtoto huyu ametudanganya miezi mitatu. Bibi Mwinjilisti akacheka. "Mchawi mpe mwana amlee," alisema. Nikawa natembea nao baada ya shule nikionja moshi wa watu kwa pua. Moshi wa uji naujua, wa magunzi naujua zaidi. Nilimkamata bibi mmoja kule Singe aliyekuwa anachoma viatu vya marehemu mumewe ili nyumba itoe moshi.

Yaliyofuata ndiyo hayo yaliyomo kwenye karatasi ya vijana. Shamba la pamoja la mahindi na maharage lilipatikana Singe. Wanawake wa Sigino walikuja kujifunza, wakaondoka na mbegu. Baba alirudi amekonda, hana neno, akapewa kulinda ghala, na nawahakikishia hakuficha hata punje. Jina likapatikana, kisha chumba cha kupanga karibu na soko, na mwishoni mwa miaka ile ya shida cheti chenyewe. Wageni wakafika na gari, wakataka kujua tunatumia kigezo gani kuzitambua kaya maskini kuliko zote. Bibi Mwinjilisti, amezeeka tayari, akawajibu, "Tunaazima ungo." Wakatazamana. Ilibidi mama awaeleze taratibu, naye aliwaeleza akiwa mwenyekiti wa pili wa shirika, amesimama wima, yule ambaye hakuweza kusimama kwenye foleni. Sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu siku ile.

Mimi nililitumikia shirika hilo mpaka nikastaafu. Kila tulipokaribisha wanachama wapya niliwasimulia habari ya asubuhi niliyoacha kuwasha moto, na kila mwaka niliinogesha. Nilisema nilivyopanga, nilivyokaza moyo, nilivyomwokoa mdogo wangu kwa kukaidi amri. Watu walipiga makofi. Mdogo wangu, fundi magari mwenye kitambi, alikuwa akitoka nje. Mama alikaa mstari wa mbele akisikiliza.

Karibu na mwisho wa maisha yake tulikuwa tumekaa barazani mchana tukichagua maharage. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini vidole viliona kila jiwe. Ghafla akasema, "Wewe unapenda kuwaambia watu kwamba ulizima moto."

"Si ndivyo ilivyokuwa, mama?"

"Jioni ile nilikuwa nimejilaza namtazama mtoto. Nikakuona umelipita kaa ukaenda kulala. Lilikuwa bado jekundu. Ningenyoosha mkono tu, ningelifukia."

Nilisimamisha kazi. Nikamwuliza mbona hakulifukia, na mbona asubuhi alinifokea vile.

"Nilikufokea kwa sababu walikuwa mlangoni." Akatupa jiwe uani, akachota maharage mengine. "Kwenda kuwaita niliona haya. Kuwaacha waje niliweza. Kwa hiyo usijisifu peke yako."